V-Strom 650 tairi la nyuma: nibaki 150/70, nishuke 140/80 au nipande 160/60?

kipara_wa_mbezi
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki, Suzuki V-Strom 650 ya 2012, niliichukua used mwaka jana. Tairi la nyuma limeliwa katikati mpaka limekuwa bapa kama chapati, na mwezi wa 12 natakiwa nimpeleke wife kwao Tukuyu kwa hiyo lazima nibadilishe kabla ya hapo.

Sasa shida si tairi peke yake. Safari iliyopita tunarudi Dar, mimi na wife, maboksi matatu yamejaa, tumepita Makambako ule upepo wake mnaujua, nikifika 110 hivi piki inaanza kucheza, mwanzo kama mtu ananisukuma bega taratibu, halafu hendo yenyewe inatikisika, nikipunguza mpaka 90 inatulia. Kushuka mlima Kitonga ndo nilisali kabisa, mbele nyepesi, kwenye kona nikilaza inagoma kidogo halafu inadondoka ghafla kama imekatika kitu, na nyuma yangu kuna semi inapiga honi.

Jamaa wa duka la spea kaniambia niweke 160/60-17, eti pana itashika barabara. Mshkaji mwingine anasema 140/80-17. Iliyokuja na piki ni 150/70-17. Naomba kujuzwa na mliopita huko, sitaki kununua mara mbili.

TingaTinga_wa_Lami
Weka 160 mkuu, ukipaki watu wanaona mnyama kasimama. Mengine utajua mbele ya safari

fundi_rimu
@TingaTinga acha kumponza mwenzio.

Mkuu kipara, ngoja tupige hesabu kidogo maana namba kwenye tairi watu wanaziangalia kama namba za bahati nasibu. 150 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya huo upana ndo urefu wa ukuta wa tairi, 17 ni rimu kwa inchi. Kwa hiyo:

150/70 ukuta ni mm 105, tairi zima linasimama kama mm 642
140/80 ukuta mm 112, zima mm 656
160/60 ukuta mm 96, zima mm 624

Umeona? Yule wa 160 hakukwambia kwamba tairi lake ni FUPI. Ekseli ya nyuma itashuka mm 9. Ukishusha nyuma maana yake umenyanyua mbele, foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zinalala zaidi, usukani unakuwa mzito kuingia kona na mbele inazidi kuwa nyepesi. Na wewe unalalamika mbele nyepesi tayari! Yaani dawa yenyewe inaongeza ugonjwa.

La pili, rimu yako ya nyuma ina upana wa inchi 4.00. 160/60 imechorwa kwa rimu yenye upana wa 4.50. Ukiiweka kwenye 4.00 inabanwa pembeni, uso wa tairi unachongoka katikati kama paa la nyumba, na upana nao unapungua karibu mm 5 kwa kila nusu inchi ya rimu. Kwa hiyo unalipia 160 unatembelea 155 iliyobinywa. Mimi nimeshavua za hivyo mara nyingi tu, pembeni bado zina vinyweleo vya kiwandani, katikati uzi umeanza kuonekana.

Na hii watu huwa wanabisha lakini ndo ilivyo: tairi pana linataka ulaze piki ZAIDI kwenye kona ileile kwa spidi ileile, kwa sababu ukilaza, sehemu inayogusa lami inahama mbali na katikati. Upana ni wa piki zenye nguvu kubwa zinazotaka mpira mwingi chini wakati wa kufyatuka. 650 yako ina nguvu ya kutosha safari, haina ya kuchana 160.

mwendo_wa_kobe_254
Fundi amesema ukweli. Mimi niko Nairobi, nina V-Strom kama yako, nimetembea na 140/80 mara mbili kwenda Marsabit na moja mpaka Loiyangalani. Hii size imependwa na wasee wa adventure kwa sababu matairi ya vipande vikubwa, yale ya vumbi na mawe, yako mengi kwa hiyo namba, K60 Scout iko, Mitas E-07 iko, na load index (namba ya uzito tairi linaweza kubeba) ni 69 sawa na ile 150/70 yako, yaani kilo 325, so hupotezi kitu kwa mzigo. Kuwa makini tu usiuziwe 130/80 juu inafanana, hiyo nyingi ni 65 ambayo ni kilo 290, na wewe una mama na maboksi matatu buda.

Vile inahisi: piki inaingia kona rahisi, unaisukuma kidogo tu na inaenda. Nyuma imepanda mm 7 hivi. Ukigawa kwa urefu kati ya magurudumu (kama mm 1560) ni robo digrii tu kwa pembe ya usukani, lakini kuna watu wanaisikia, mimi nilisikia siku ya kwanza nikazoea siku ya pili. Kwa lami ya Isiolo kwenda Marsabit ule upepo wa pembeni haikunisumbua kuliko 150. Kwa mawe baada ya Laisamis ukikata kuelekea South Horr ule ukuta mrefu ulinisaidia, rimu haikupigwa.

Ubaya: tairi la vipande vikubwa linavuma kwa lami kama matatu mbovu, na mvua ya kwanza Mombasa Road nilijua sijui. Pia pima nafasi kati ya tairi na mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu) pale mbele ya tairi, yangu ilipita, lakini ukivuta ekseli mbele sana kwa sababu cheni ni mpya inakaribia kugusa.

TingaTinga_wa_Lami
Haya nimenyamaza

dada_kanyagio
Naona wanaume wote mmekimbilia namba za tairi, hakuna aliyemuuliza kaka wa watu maswali. Kaka kipara nijibu haya kabla hujatoa hela:

Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa ngapi, na ulipima asubuhi piki ikiwa ya baridi au ulipima sheli baada ya kilomita 50? Ile nobu ya kukaza springi ya nyuma iliyo ubavuni chini ya siti uliwahi kuigusa tangu ununue? Boksi la juu ulibeba nini? Tairi lina tarehe gani? Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Nauliza kwa sababu hiyo ya "inagoma halafu inadondoka" ni tairi lililoliwa katikati, hata likiwa size yoyote litafanya hivyo, likishakuwa bapa linakuwa na kona mbili pembeni na wewe unaruka juu ya hiyo kona kila ukilaza. Lakini ile ya kucheza kwa 110 na hendo kutikisika mara nyingi ni mzigo uko nyuma ya ekseli na springi imelala. Na swali la kizushi, usiku mlipokuwa mnarudi, malori yalikuwa yanakuwashia taa full?

kipara_wa_mbezi
Dada umenichekesha, kweli walikuwa wananiwashia tangu Mikumi mpaka Morogoro, nikajua wananisalimia, nikawa nawajibu na honi!

Upepo nilijazia sheli Iringa, kijana aliweka kwa kuminya na kidole akasema "iko poa mzee". Nobu sijawahi kuigusa, hata sikujua ni ya nini, nilidhani ni ya kufungia boksi. Boksi la juu... jamani msinicheke... mchele wa Kyela debe moja na ndizi kidogo za mama mkwe.

dada_kanyagio
Debe moja la mchele ni karibu kilo 20! Kwenye boksi la juu! Geuza mfuniko usome, langu limeandikwa kilo 10 mwisho na hilo ni boksi kubwa.

Sasa ona picha: wife, mchele, ndizi, vyote viko juu au nyuma ya ekseli, springi iko kwenye mpangilio wa mtu mmoja mwembamba, nyuma imekaa chini. Taa ikaangalia mbinguni ndo maana malori yalilalamika. Nyuma ikishuka kwa springi ni sawasawa na ikishuka kwa tairi fupi, ni kitu kilekile alichosema fundi, ila kwa mzigo wako ilishuka sentimita kadhaa, si mm 9. Halafu ungeongeza na hiyo 160 juu yake. Mungu ni mwema.

Fanya hivi. Piki ikiwa kwenye stendi kubwa gurudumu la nyuma liko hewani, pima kutoka ekseli mpaka alama yoyote juu yake kwenye bodi, weka selotepu. Kisha mpande wewe na wife na maboksi kama ya safari, mtu wa tatu apime tena. Tofauti itafute iwe karibu theluthi ya mchezo wa shokapu, kwa piki yako kama mm 50. Ikizidi, kaza nobu, rudia. Ukimaliza ndo uongelee tairi.

mpemba_wa_maskati
Salamu kutoka Maskati. Naongezea moja tu la upepo kwa sababu huku joto limetufundisha kwa nguvu, lami ya mwezi wa 7 ukiweka ndala inabaki. Watu wengi wakiona presha imepanda safarini wanaipunguza, usifanye hivyo asilani. Kupanda psi 4, 5 tairi likipata moto ni kawaida, ile namba ya upepo kwenye stika ya piki ni ya tairi baridi. Ukipunguza likiwa la moto, kesho asubuhi liko chini, linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, na ukuta ndo unaoumia. Nunua kigeji chako mwenyewe, mashine za vituoni kila moja ina kauli yake.

houston_bongo
Wakuu mimi niko Texas nina Goldwing 1800 ya zamani ile yenye 180/60R16 nyuma. Huku kuna wazee wanaweka tairi la GARI nyuma, 195/55R16 runflat (lile linalotembea hata likiisha upepo), wanatembea nalo mpaka mara tatu ya tairi la piki. Kwa safari ndefu za kunyooka mbona poa tu, sijui kwa nini hamliongelei

fundi_rimu
Tunalijua hilo, tunalikwepa. Tairi la gari lina uso bapa, limetengenezwa lisimame wima maisha yake yote. Piki inalala. Kila ukilaza unapandia ukingo wa tairi, inabidi usukume usukani kona nzima, na kwenye mfereji wa malori linafuata mfereji si wewe. Halafu ule mdomo unaokaa kwenye rimu umechongwa tofauti na wa piki, kwa hiyo linakalia sehemu ambayo halikupimiwa. Huko kwenu barabara imenyooka saa nzima, sawa. Huyu anashuka Kitonga na mchele.

houston_bongo
Haha sawa fundi. Mchele umeingia historia

kipara_wa_mbezi
Wakuu nimerudi na majibu, weekend nzima nimeshinda chini ya mwembe na futi kamba, majirani wanajua nimepata kazi ya kupima viwanja.

Kigeji nilichonunua kinaonyesha nyuma psi 25 asubuhi. Stika inataka 36 mtu mmoja na 41 mkiwa wawili! Mbele ilikuwa 30, stika inasema 33. Namba za tairi ni 1914, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2014, aliyeniuzia aliapa ni jipya. Na tulipokaa wote wawili na maboksi (nimeweka mawe badala ya mchele) nyuma ilishuka mm 84. Nimekaza nobu karibu mpaka mwisho, imekuja 58, bila boksi la juu 52. Wife kauliza kama hii ni maandalizi ya harusi nyingine.

Nimejaza upepo nikaenda nayo mpaka Bagamoyo na kurudi na tairi hilihili bapa. Ile ya kutikisika HAIPO, nimefika 110 na mzigo imenyooka. Ya kugoma na kudondoka kwenye kona bado ipo vilevile kama dada alivyosema.

Kwa hiyo 160 nimeifuta. Safari yangu ni lami asilimia 95, vumbi ni kile kipande cha kuingia kwa mama mkwe, naelekea kununua 150/70 ya kawaida ya lami. Fundi unasemaje?

fundi_rimu
150/70. Hiyo 140/80 ya kobe ni nzuri lakini ni ya safari yake, si yako. Usichanganye, ukiweka vipande vikubwa nyuma na mbele una la lami laini, kwenye mvua moja linashika na jingine linatafakari. Likifungwa hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea mbele, wabalansi, na kilomita 150 za kwanza tembea taratibu kona zote maana jipya linateleza. Na ukivua gurudumu la nyuma mwambie fundi ashike beringi kwa kidole azungushe, zikikwaruza zibadilishwe hapohapo. Mbele nyanyua piki, geuza hendo polepole kulia kushoto, ikiwa na kisehemu inakwama katikati, beringi za shingo zimeisha, hizo nazo hutikisa.

mwendo_wa_kobe_254
Sawa kabisa. Ukipita na njia ya Nairobi siku moja nitakuonyesha 140 kwa mawe utabadilisha nia.

dada_kanyagio
Na mchele?

kipara_wa_mbezi
Mchele utapanda basi, nimeshaongea na konda.