Gari haliwaki alfajiri: nichague betri gani?

Viazi_Molo: Hamjambo nyote. Ninaishi Molo, na saa kumi alfajiri hupeleka viazi Nakuru kwa Probox yangu. Kwa muda wa wiki tatu sasa, nikiliegesha gari saa mbili usiku likiwa zima kabisa, alfajiri nikizungusha ufunguo nasikia tu mlio wa tik-tik, kisha kimya. Nimebadilisha betri, nikaweka mpya, na tatizo halikuondoka. Wateja wangu wawili wamekwisha kuhamia kwa muuzaji mwingine. Naomba mnishauri ninunue betri ya aina gani, kwa sababu alteneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, tayari nimeilipia arubuni ya shilingi 4,000.

MamaNjoro: Pole sana, ndugu yangu. Nunua betri kubwa kuliko hiyo na umalize maneno. Baridi ya huko kwenu hupunguza nguvu za betri, na mimi tangu niweke kubwa sijasumbuka.

Fundi_Lanet: Mama, kwa heshima, betri kubwa itachelewesha tatizo tu. Ndugu wa Molo, usinunue chochote kabla ya kupima. Washa injini, kisha weka mita ya umeme kwenye vichwa vya betri: ukipata kati ya volti 13.8 na 14.4, alteneta inachaji. Kisha zima gari, shusha kioo ili baadaye ufikie fyuzi bila kufungua mlango, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye kipimo cha ampea 10 na uiunganishe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale, ndipo usome. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwa sababu utaiunguza.

Nyar_Kondele: Mzee wetu alisumbuka hivyo hivyo tulipokwenda matangani Kakamega. Gari lilikaa siku mbili, na jioni ya kurudi Kisumu halikuwaka. Waombolezaji walilisukuma uwanja mzima, na kwa kuwa lilikuwa la gia za otomatiki, walisukuma bure. Kumbe taa ndogo ya buti, ya wati 5, ilikuwa haizimiki mlango ukifungwa. Mzee hakutaka kuamini mpaka nilipoingia butini mwenyewe nikafungiwa humo ili nishuhudie.

Viazi_Molo: Nimepima kwa mita ya jirani. Injini ikiwaka ni volti 14.1. Gari likilala ni ampea 2.3. Hata hivyo fundi wa hapa amesema alteneta ndiyo mbovu, na arubuni hairudishwi, kwa hiyo naona bora nimalizie tu.

Fundi_Lanet: Ampea 2.3! Gari lililolala halitakiwi kuzidi miliampea 50, yaani 0.05. Ni kweli kwamba dayodi mbovu (kipande kinachozuia umeme kurudi nyuma) ndani ya alteneta inaweza kuvujisha umeme hata kama inachaji, lakini hatuanzii hapo. Nijibu waziwazi: kabla ya tatizo kuanza, ni kitu gani kiliongezwa kwenye gari?

Viazi_Molo: Hakuna kikubwa.

Fundi_Lanet: Na kidogo je?

Viazi_Molo: Shemeji yangu aliniwekea amplifaya na spika mbili. Sikutaka kulitaja jambo hilo hapa kwa sababu mke wangu ndiye aliyenisihi nimpe kaka yake kazi, na kijana mwenyewe amesomea umeme. Muziki unapiga vizuri na redio huzimika, kwa hiyo sioni inahusiana vipi.

MzeeWaBahati: Mwanangu, kazi ya shemeji hulipwa kama ya fundi mwingine na hukaguliwa vilevile. Ukimwogopa leo, kesho utamchukia bure, na mama watoto ndiye atakayeumia katikati.

Mpimaji: Samahani, lakini mimi siamini kisa hiki. Ampea 2.3 kwa saa nane ni kama ampea-saa 18. Betri mpya ya ampea-saa 45 ingebaki na zaidi ya nusu, na gari lingewaka hata kwa baridi ya Molo. Ama mita hiyo haipo, ama betri si mpya, ama huyu ni muuza betri anayetafuta wateja.

MamaNjoro: Hata mimi nilishangaa alivyokazania aina ya betri.

Viazi_Molo: Siuzi betri, nauza viazi. Betri si mpya. Niliinunua kwa shemeji huyo huyo, ikiwa imetumika, kwa sababu fedha za mpya nilizimalizia kwenye spika. Niliandika “mpya” kwa kuwa ilikuwa mpya kwangu. Naomba radhi.

Mpimaji: Basi hesabu imekubali. Nimekuelewa.

Fundi_Lanet: Waya mnene wa amplifaya hutoka moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo hata ukichomoa fyuzi zote za ndani hutaugusa. Waya huo una fyuzi yake njiani. Ichomoe hiyo, mita ikiwa imeunganishwa.

Viazi_Molo: Imeshuka kutoka 2.3 hadi 0.03. Nimemwita shemeji na amekuja. Waya mwembamba wa kuamsha amplifaya aliuunga kwenye umeme usiokatika ufunguo ukitolewa, kwa hiyo ilikuwa macho usiku kucha hata redio ikiwa kimya. Ameuhamisha sasa hivi, hapa uani, na mama watoto ndiye aliyetumulikia tochi.

Fundi_Lanet: Vizuri. Alteneta iache. Betri iliyoishiwa umeme mara nyingi namna hiyo usiiachie safari ya Nakuru iijaze. Ichaji polepole kwa chaja usiku kucha mahali penye hewa, uipumzishe saa chache, kisha uipime. Ikikaribia volti 12.6 bado ina uhai. Ikibaki chini ya 12.2, anza kuweka akiba ya nyingine.

Viazi_Molo: Nimeiazima chaja. Kesho mzigo utapanda matatu.