Mjadala: William Byrd alikuwa ndumilakuwili?

Wakuu, juzi baada ya mazoezi ya kwaya tulibishana hadi usiku juu ya William Byrd, mpiga kinanda na mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1623. Mwenzetu wa besi alisema yule alikuwa ndumilakuwili tu: Mkatoliki moyoni, huku anakula mshahara wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Anglikana. "Mtumikie kafiri upate mradi wako," akamalizia, na wengi wakamuunga mkono. Mimi sikubali.

Mshahara alikula, hilo halina ubishi. Alianza na kinanda cha kanisa kuu la Lincoln mwaka 1563, na 1572 akaingia kwaya ya kifalme. Mwaka 1575 Malkia akampa yeye na mtunzi mwenzake Thomas Tallis haki ya peke yao ya kuchapisha muziki kwa miaka 21.

Ila tukumbuke zama zenyewe. Kuanzia 1581, aliyesusia ibada za Anglikana alitozwa faini ya pauni 20 kwa mwezi. Mwaka huohuo padri Mkatoliki Edmund Campion alinyongwa London na mwili wake ukakatwa vipande. Byrd akalitia muziki shairi la kumwombolezea! Kweli, lilipochapishwa 1588 beti za hatari zilikuwa zimeondolewa. Lakini mwenye kutafuta tonge tu angeligusa la nini?

Halafu zile misa tatu za Kikatoliki alizozitungia muziki miaka ya 1590. Vitabu vyake vilikuwa vyembamba, kila sauti na chake, havina ukurasa wa jina la kitabu, mwaka wala mchapaji. Mchapaji alijificha. Mtunzi je? Jina la Byrd liko juu ya kurasa. Na aliyewahi kuimba Agnus Dei ("Mwanakondoo wa Mungu") ya misa ya sauti nne anajua pale kwenye "dona nobis pacem", yaani "utujalie amani": sauti moja inashikilia noti yake, nyingine inaingia na kuikwaruza, inalegea, kisha inakwaruzwa tena. Sisi tulipofika hapo mara ya kwanza, alto wetu aliacha kuimba akafuta machozi. Kuomba amani kwa namna ile si kazi ya kibarua.

Hoja inayonisumbua ni nyingine, na nashangaa hakuna aliyeitoa. Kesi ya Byrd ya kususia ibada ilisimamishwa 1592 kwa amri ya Malkia. Lakini 1605 Mfaransa mmoja alikamatwa London na kufungwa kwa kukutwa na vitabu vya Byrd vya muziki wa Kikatoliki. Mwenye kutunga yuko nyumbani kwake Essex, mwenye kubeba yuko gerezani. Hilo sijaweza kulijibu.

Hata hivyo, katika wosia wake wa 1622, Malkia akiwa amekwisha kufa, Byrd aliomba aishi na kufa ndani ya Kanisa Katoliki. Mnaomwita ndumilakuwili, wosia huo mnauweka wapi?