Mrejesho: biopsi ya umio iliyosema sina tatizo

Niliuliza kama biopsi ya umio, yaani kukata kinyama cha njia ya chakula na kukipima, inaweza kukosea, maana majibu yalikuwa safi huku chakula kikizidi kunikwama kifuani. Wapendwa, inaweza. Uvimbe wa umio unaoletwa na eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) hukaa kwa mabaka. Kinyama kikichukuliwa penye afya, ugonjwa hauonekani. Ndiyo maana hupendekezwa vipande visivyopungua 6, vya sehemu ya juu na ya chini, hata kama kwa kamera umio unaonekana mzima. Safari hii daktari alifanya hivyo, na eosinofili zilivuka 15 kwa eneo moja linaloonekana kwenye hadubini, kiwango cha kuthibitisha. Tafadhali ulizeni vipande vilichukuliwa vingapi na wapi! Nimeanza dawa. Biopsi itarudiwa, kwani dalili kupungua pekee hakuthibitishi kuwa uvimbe umekwisha.