Boti za injini Wami: zizuiwe au ziendeshwe kwa adabu?

Mwambao: Wadau, mdomo wa mto Wami pale Saadani una viboko, mamba na ndege tele kwenye mikoko. Naona injini zizuiwe Septemba hadi Aprili, ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wanapokuwa kwetu. Watalii wapige kasia. Heroe (flamingo) hata siwataji, wachumvi wenye mabwawa ya kuvuna chumvi wameshawamaliza.

Nahodha_Bomba: Kasia kwenye maji ya viboko ni kumpeleka mtu kaburini. Tatizo ni mkono ulioshika injini. Ukikaza moto, wimbi la nyuma linapiga ukingo, na mdiria hutoboa tundu humo humo ukingoni, mita moja na zaidi kwenda ndani. Likiingia maji, makinda yamekwisha. Punguza moto kabla ya kona, usingoje mpaka uone ndege. Furukombe usimwendee uso kwa uso, mpitie ubavuni. Kiboko akizama, gonga ubavu wa boti aibuke ujue alipo, na usikae kati yake na kina.

BintiMlingotini: Mwambao, nani kakwambia wachumvi wamemaliza heroe? Heroe wanaopigwa picha Saadani wako hapo hapo mabwawani! Bwawa la kwanza hupokea maji ya bamvua (bahari inapojaa sana), chumvi haijakolea, vidagaa na kamba wamo, yangeyange wanakula. La pili limekolea, samaki hawawezi, wanabaki wadudu na mwani: hicho ndicho chakula cha heroe. La mwisho ni la kugandisha, halina kitu. Na maji yakifunika tope, sululu, ndege wahamiaji wanaokula topeni, wanapumzika juu ya matuta ya mabwawa.

Mwambao: Dada, na hayo matuta yalipojengwa palikuwa na nini? Mchu, mti wa jamii ya mikoko! Mikoko ni msitu wa hifadhi nchi nzima.

BintiMlingotini: Sijatetea kukata. Nimejibu neno lako "wameshawamaliza". Na mabwawa mengine yamechimbwa kwenye jangwa la nyuma ya mikoko, pasipoota kitu.

Mchu_wa_Ruvu: Hata hapo tuta linadhuru. Mchu unavuta hewa kwa vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope. Tuta likizuia maji kutoka, vikafunikwa wiki kadhaa, mti unakauka umesimama. Bwawa likiachwa, watu wanakimbilia kupanda mkoko wenyewe, aina nyingine na mchu, kwa kuwa mbegu zake ni ndefu na rahisi kuchomeka. Unakufa, maana hapo si pake. Kwanza kata tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, maji yapwe na kujaa, mbegu za mchu zitaletwa na bahari yenyewe.

Kijana wa Dunda: Si Wami iko kwenye Ramsa, ile orodha ya kimataifa ya ardhioevu? Basi kesi imekwisha.

Mchu_wa_Ruvu: Haimo, kijana. Za Tanzania ni 4: Malagarasi-Muyovozi, Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na nje yake ipo ile marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Mazingira ya 2004.

Mwambao: Dada, "wameshawamaliza" nalifuta. Ila tuta la bwawa lililoachwa likatwe.

BintiMlingotini: Lililoachwa, sawa. Linalozalisha msiliguse, na matengenezo ya matuta yasubiri Mei, sululu wakishaondoka.

Nahodha_Bomba: Na boti jamani?