Naomba ushauri: niingize nyimbo zangu katika kundi la sauti tatu na gitaa?

Mtunzi wa Rau
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Niko Moshi, ninatunga na kuimba nikijipigia gitaa kavu, hasa kwenye hoteli zinazopokea wageni wa mlimani. Hivi karibuni nimekutana na kaka na dada waliokulia katika kwaya ya Kilutheri, na tulipoimba wimbo wangu mmoja, dada akishika sauti ya pili na kaka yake akishuka chini, wimbo ulipata uzito ambao peke yangu sijawahi kuufikia. Wanataka tuunde kundi la kudumu, bila kinanda wala midundo ya kompyuta, na tulipe jina jipya. Je, nyimbo nilizotunga kabla yao zitabaki kuwa zangu, na jina nililolijenga halitamezwa?

Wakili wa Njiro
Mdogo wangu, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya wimbo ni ya aliyeutunga, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuimba pamoja nawe hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Ugomvi huanzia kwenye nyimbo mpya, pale mmoja anapoleta beti, mwingine kiitikio, na wa tatu akadai kwamba mpangilio wa sauti ndio ulioupendezesha wimbo. Za zamani zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako kabla ya onyesho la kwanza. Kila mpya ikikamilika, andikeni siku hiyohiyo nani katunga maneno, nani lahani, na mgawo wa kila mmoja, kisha wote mtie saini. Kundi lenyewe lisajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Teno Mstaafu
Karatasi ni muhimu, lakini sauti zenyewe hazijaguswa. Kijana wangu, waimbaji wa kwaya wamezoea kujaza kanisa, na sauti ya namna hiyo hulifunika gitaa kavu. Ketini kwa mduara mdogo, mwimbe bila kipaza sauti, kwa kiasi cha mazungumzo, mpaka kila mmoja awasikie wenzake kuliko anavyojisikia mwenyewe. Angalieni hasa miisho: katika Kiswahili karibu kila neno huishia na irabu, kwa hiyo mmoja akiikata "a" ya mwisho na mwingine akaivuta, wimbo unapasuka vipande vitatu. Mwenye sauti ya kwanza ndiye aamue pa kukata. Pia msiimbe sauti tatu mwanzo hadi mwisho, maana huchosha (hata kwayani tulilijua hilo, ingawa mwalimu hakutaka kusikia). Beti ziimbe mwenyewe, wao waingie kwenye kiitikio. Na ufunguo unaokufaa wewe unaweza kumbana dada huyo, hivyo nunua kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa kinachopandisha ufunguo.

Msikilizaji wa Sakina
Kuhusu jina, mkuu, watazame waimbaji Crosby, Stills na Nash. Walipoungana Marekani mwaka 1968, kila mmoja alikuwa ametokea kundi lenye sifa: David Crosby the Byrds, Stephen Stills Buffalo Springfield, na Graham Nash the Hollies ya Uingereza. Waliliita kundi kwa majina yao wenyewe, ili mmoja akiondoka wengine wasiweze kuendelea kana kwamba bado yumo. Neil Young alipojiunga mwaka 1969 jina lake liliongezwa mwishoni, naye akaendelea kutoa albamu zake binafsi. Kwa hiyo kundi halilazimiki kukuzika. Mimi ningelitanguliza jina lako kwenye tangazo, kisha la kundi.

Mama Hafla
Nitasema machache. Hoteli iliyozoea kumlipa mtu mmoja haitalipa mara tatu kwa sababu tu mmekuja watatu, na wakati wa masika wageni hupungua. Endelea na maonyesho yako ya peke yako kwa ajili ya kodi ya nyumba, na kundi mliweke kwenye harusi na hafla ambako bei mnaipanga ninyi.

Mtunzi wa Rau
Ahsanteni sana. Nimewaeleza wenzangu habari ya mgawo na kutia saini; dada amekubali papo hapo, ila kaka yake anataka mpangilio wa sauti nao uwe na fungu lake hata katika nyimbo za zamani.

Wakili wa Njiro
Mpe fungu katika malipo ya onyesho. Katika utunzi wa nyimbo za zamani, usimpe.