Eti ndege za Kingman zilizikwa nzima mchangani, halafu sisi ndio "tukasome"!

Wakuu, yule mjuaji wa ndege mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaandika kwamba ndege za vita za Kingman, Arizona, zilizikwa nzima mchangani. Nzima! Ukimsahihisha, jibu ni moja: "Kasome."

Ndege zaidi ya 5,000, B-17 na B-24 tele, yale madude ya Marekani ya kudondosha mabomu, uzike nzima? Shimo hilo lingemeza Kariakoo na Ilala yake yote, na bado mikia ingechungulia nje.

Kiwanja cha ndege cha Kingman kilijengwa 1942 kufundisha wapiga bunduki wa ndege. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha kikawa ghala la ndege zisizotakiwa tena. 1946 kampuni ya Wunderlich ikazinunua kwa dola milioni 2.78. Mafuta yakanyonywa, injini na propela zikang'olewa, kisha kisu kizito cha chuma kikaangushwa juu ya bodi na kuikata vipande. Vipande vikaingia tanuruni. Aluminiamu huyeyuka nyuzi 660, chuma karibu 1,500, kwa hiyo aluminiamu hutiririka kwenye kalibu, chuma kinabaki nyuma. Moto ukizidi, chuma nacho huanza kuingia kwenye aluminiamu, na mche unaotoka unavunjika ovyo.

Hata "5 Grand", B-17 iliyojaa sahihi za wafanyakazi wa Boeing mwili mzima, iliishia humo humo. Sahihi zote zile zimeyeyushwa, mtu anakuja kusema ilizikwa nzima! NZIMA! Nikasome nini?

Propela: Mleta mada punguza povu, kibodi imelowa. Ila uko sahihi. 1949 kiwanja kikakabidhiwa kaunti ya Mohave, na mnara wa kuongozea ndege wa enzi za vita bado umesimama.

Mtu wa Likoni: Mnalilia Arizona! Sisi huku tunaambiwa uwanja wa Mombasa ulianza na jina la Moi. Wakati ulikuwa ukiitwa Port Reitz, na ulipanuliwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa vita hivyo hivyo.

Mwewe: Afadhali yako. Kuna mtu anabisha kwamba Eastleigh, kiwanja cha ndege cha Nairobi, haijawahi kupokea abiria! Ilikuwa ya jeshi la anga la Uingereza, ikahudumia abiria wa Nairobi mpaka uwanja mpya wa Embakasi ulipofunguliwa 1958, leo ni ya jeshi tena.

Mtu wa Likoni: Na Embakasi usiseme "ilifunguliwa" ukapita. Waliovunja mawe pale wakati wa kuujenga ni mahabusu wa Mau Mau.

Propela: Hiyo ifungulie uzi wake.

Mwewe: Naufungua sasa hivi.