Rumeti kasubiri nisafiri, kageuza chumba chetu studio ya video na dirisha kaziba

Habari zenu wakuu. Naandika nina hasira, na tafadhali asije mtu kuniambia ndo maisha ya kupanga, vumilia. Nishavumilia wiki tatu.

Tumepanga chumba master Sinza, mimi na mdada tuliyejuana kazini. Futi 11 kwa 12, choo ndani, dirisha moja tu. Kodi 180,000 kwa mwezi, tukalipa miezi 6 kwa mkupuo, kila mtu katoa 540,000, na dalali akala ya mwezi mmoja juu yake. Nusu kwa nusu. Naanza na hilo asije mtu akasema labda mwenzio ndo analipa zaidi.

Na kabla ya kuhamia tulikaa chini na daftari tukakubaliana kila kitu: rangi ya krimu ukuta mzima maana chumba kidogo ukikipaka rangi nzito kinakubana, kitanda deka cha chuma tuchomeleshe ili sakafu ibaki, mabegi na vyombo uvunguni, shelfu mbili za mbao juu, kioo kirefu kikae mkabala na dirisha kirudishe mwanga ndani. Basi. Rangi tukapiga wenyewe Jumapili nzima, mikono inauma, chumba kikapendeza mpaka jirani akaja kuchungulia.

Nikaenda Rufiji kumuona mama, siku nne tu. Narudi nafungua mlango, nikajua nimekosea chumba. Krimu yetu yote kaifunika kwa wolpepa nyeusi ya kubandika, ile ya matofali matofali. Dirisha kapiga mapazia mawili mazito yanagusa chini, na hayafunguliwi, eti mwanga wa nje unaharibu video zake. Chini zulia la manyoya meupe. Taa za ukanda kazungusha dari yote, sasa nani analala juu kwenye deka? Mimi. Zile taa ziko shibiri mbili kutoka usoni kwangu, zinageuka nyekundu, bluu, zambarau mpaka saa saba usiku, na mimi saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe kituoni nasubiri daladala.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni mkeka. Mama alinishonea mkeka wa ukindu nilipoanza kujitegemea, kasuka ukili mwenyewe, katia rangi mwenyewe, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Huo ndo tulikuwa tunautandika tunakulia chakula wote wawili, naye akiwemo. Nimeukuta umekunjwa mara nne kama shuka, jamani mkeka unaviringishwa, ukiukunja ukindu unakatika, halafu kausukumia uvunguni nyuma ya ndoo ya maji, pembe imelowa. Namuuliza ananijibu "dada, ule haumechi na chumba". Nilishindwa hata kuongea, nikatoka nikakaa nje kwenye ngazi.

Haya, tuache mambo ya moyo. Ukuta wa upande wa choo una unyevu, na joto hili la Dar, halafu unaufunga kwa plastiki! Juzi nimebandua kona kidogo niangalie, nyuma fangasi nyeusi tupu na rangi yetu inatoka na gundi. Mkataba una jina langu, umeandikwa kabisa mpangaji anakabidhi chumba kama alivyokikuta. Na gesi je? Mtungi wetu wa kilo 6 uko pale pale chini ya dirisha, ukiwasha feni pazia linagusa jiko. Gesi ya kupikia ikivuja inatuama chini, haipandi juu ikaondoka, na dirisha ndo hilo limezibwa. Nimemwambia mara mbili, jibu lake "nitasogeza kesho". Feni lenyewe sasa linakesha kwa sababu hewa haiingii, umeme tunachangia wote.

Sina ubaya na mtu anayetafuta riziki kwa simu yake. Angeniomba ukuta mmoja, ule wa upande wa mlango, ningempa kwa moyo mweupe, apambe anavyotaka, hata pazia ashushe akirekodi na akimaliza afungue tupate hewa. Hakuniomba. Kasubiri nisafiri.

Leo nipo ofu. Mapazia nimeyashusha, nimeyakunja vizuri nimemuwekea kitandani kwake, mtungi nimeuhamishia mlangoni, zulia nimeliviringisha na mkeka wa mama nimeutandika pale pale pake, una doa kwenye pembe halitoki. Yeye anarudi saa moja jioni. Anayejua namna ya kubandua wolpepa ya gundi bila kung'oa rangi yote anisaidie, na dawa ya fangasi ya ukutani inayofanya kazi kweli, maana nataka nianze sasa hivi kabla hajafika.